Kutafuna Si Kula

"Ngano inamfikia mtoto huyu," alisema Daktari Sandhu. "Sijui inapitia wapi, na simnyooshei mtu kidole. Lakini damu yake inasema inamfikia, tena si kidogo."

Aliyasema kwa upole, na huo upole ndio uliowaponza. Angefoka kidogo, pengine watu wangekuna vichwa. Badala yake kila mmoja alishusha pumzi, akasubiri mwenzake aumbuke.

Chumbani walikuwa watu wazima watatu. Daktari mwenyewe, mama wa makamo, bingwa wa matumbo ya watoto. Colette, mama wa mtoto, amekaa kwenye ncha ya kiti na mkoba wa nepi mapajani. Na Metro Pasichnyk, baba mkwe wake Colette, mkulima wa ngano kutoka Zelena, aliyewaleta hospitali kuu ya Saskatoon kwa pikapu yake kwa sababu mwanawe Orest alikuwa shambani anapanda, na msimu wa kupanda haumngojei mtu. Mtoto, Tekla, alikuwa amelazwa kwenye kitanda cha kupimia. Tumbo lilimtangulia kama ngoma, miguu ilikuwa vijiti, makalio yamesinyaa hata ngozi ikajikunja. Alikuwa na miaka minne na alivaa nguo za mtoto wa miaka miwili. Hakulia. Amekwisha kuzoea mikono ya madaktari.

Metro ndiye aliyejibu kwanza. Ndiyo tabia yake. Hata kanisani huitikia kabla padri hajamaliza.

"Mimi sijampa hata chembe ya mkate," alisema. "Naapa kwa kaburi la mke wangu, daktari. Hata chembe."

Kisha akamgeukia Colette, akamkazia macho. 

Tuseme haki, mzee alikuwa na sababu ya kujiamini. Ugonjwa wa mtoto huyu alikuwa ameubeba kifuani tangu mwanzo, kwani Tekla alikuwa somo wa marehemu mkewe, na hakuna kiumbe duniani aliyempenda kuliko huyo. Mtoto alianza kuharisha mara tu alipojua kutembea. Choo chepesi, kingi, chenye harufu ya kufukuza watu mezani, na chenye mafuta, kinaelea chooni na kukataa kuondoka. Daktari wa pale mjini Zelena alisema ni juisi ya tufaha, watoto wengi wakinywa juisi kutwa huharisha, na huku wananenepa. Juisi ikakatwa. Tekla akaendelea kuharisha, na wala hakunenepa. Kisha wakashuku kisima. Hapo Metro alikasirika kama aliyetukanwa mama.

"Maji haya nimeyanywa tangu nazaliwa," alisema. "Na baba yangu kayanywa. Yanamwua nani?"

Wakamnywesha maji ya dukani, haikusaidia, wakachukua choo wakakipima, mara tatu, wadudu hawakuonekana. Colette naye, kwa kusomasoma, akamwachisha mtoto mkate kwa akili yake mwenyewe, mtoto akapata nafuu kidogo. Alipokwenda kumwambia daktari, akaambiwa amrudishie mkate kwanza, kwa sababu bila ngano tumboni kipimo cha damu hudanganya. Basi yule mama akawa anamlisha mwanawe mkate kila siku, huku akijua, huku akimpangusa. Fikiria moyo wake. Metro alimwona akifanya hivyo na hakulisahau.

Damu ilipopimwa, na kipande cha utumbo kilipochukuliwa kikatazamwa, ikajulikana. Siliaki. Mwili wa Tekla haupatani na ngano. Mjukuu wa Pasichnyk, nyumba ambayo kwa vizazi vitatu haijui zao jingine. Wazee wa mgahawa wa Zelena, wanaokutana asubuhi kunywa kahawa na kusutana, waliicheka hiyo habari wiki nzima.

"Metro, mjukuu wako kagoma kazi ya ukoo."

"Afadhali yeye kagoma akiwa mdogo. Wewe uligoma ukiwa na miaka thelathini."

Alicheka nao, lakini nyumbani alifanya kazi. Siku walipokwenda kufunzwa lishe, binti mmoja wa hospitali alikanda donge la unga, akaliosha ndani ya bakuli la maji. Maji yakawa meupe, yakamwagwa, likaoshwa tena, mpaka mkononi mwake pakabaki kitu cha rangi ya kijivu kinachovutika.

"Kile cheupe kilichoondoka ni wanga," alisema. "Wanga haumdhuru. Hiki kinachobaki, kinachovutika, ndicho kinachomchoma utumbo."

Metro akakishika, akakivuta kwa vidole, akatabasamu. "Hiki ndicho kinachofanya mkate uumuke," akamwambia binti yule. "Ngano ya Zelena inacho kingi kuliko ya watu wote. Wanunuzi wanatutafuta kwa ajili ya hiki." Alijisifu, ndiyo. Mkulima gani hajisifu?

Nyumba ikasafishwa. Tosta mpya, sufuria mpya, ubao mpya wa kukatia. Koti la Metro la kazini lilikatazwa kuvuka kizingiti. Mifuko yake ilikuwa siku zote na punje za ngano, kama mifuko ya mwanamume yeyote wa Zelena, na Colette alikwisha kuchoka kuziokota ndani ya mashine ya kufulia. Metro alilitundika barazani bila ubishi. Kanisani padri alimpa Tekla tone la divai tu, pasipo mkate. Na mkesha wa Krismasi, ambapo kwa watu wale chakula kitakatifu hakianzi mpaka kila mtu ameonja kijiko cha ngano iliyochemshwa kwa asali, Metro mwenyewe alisema mwaka huu hapana. Ikapikwa ya mchele. Aliila, akaenda kwenye banda la trekta akalia kidogo peke yake, akarudi akala tena.

Mtu aliyefanya hayo yote, utamwambia nini? Na miezi yote hiyo mtoto anaharisha vilevile.

Basi walirudi kutoka Saskatoon siku ile, redio ikisema bei ya mbegu. Walipofika Tekla akataka kumwona baba yake, na Metro akambeba hadi shambani. Orest alisimamisha trekta. Mtoto akapanda chumba cha dereva, akajikunja juu ya jaketi nyuma ya kiti kama alivyozoea, na kabla hawajamaliza mstari mmoja alikuwa amefumba macho. Metro akakaa pembeni ya mwanawe. Jua lilikuwa bado juu.

"Daktari kasemaje?"

"Kasema kuna mtu anampa."

Orest alitazama mbele. Yeye ni mtu wa kusikiliza injini.

"Mimi si," alisema Metro. "Wewe si. Sasa hesabu waliobaki."

"Baba."

"Nisikilize kwanza. Mkeo hajapapenda hapa tangu siku ya kwanza. Mtoto akizidi kuugua, atapata sababu ya kurudi mjini kwa mama yake. Sisemi anataka kumwua. Nasema ni yeye anayemuumiza, na anajua anachofanya. Mara ile alimlisha mkate kwa mkono wake, mimi nilimwona."

"Aliambiwa na daktari."

"Na sasa anaambiwa na nani?"

Orest aligeuza trekta mwisho wa shamba, akanyoosha mstari. Lakini neno likishaingia kwa mtu mkimya halina pa kutokea. Akaanza kuchungulia. Akafungua kabati, akanusa sufuria, akapekua pipa la taka. Siku moja Colette alimkuta amepiga magoti, mkono wake ndani ya mkoba wa nepi.

"Unatafuta nini?"

"Hamna kitu."

"Unatafuta mkate," alisema Colette. "Mungu wangu. Orest, unatafuta mkate."

Metro alikuwa mezani na alisikia yote. Colette alimjia hadi pale alipokaa. Hakupaza sauti, na hilo lilimtisha zaidi.

"Daktari alitufundisha kumwondolea kitu kimoja kimoja tuone kipi kinamdhuru," alisema. "Tumeondoa juisi, tumeondoa maji, tumeondoa mkate. Sasa naiondoa nyumba hii. Nakwenda naye kwa mama yangu. Kama ni mimi, ataugua na huko. Kama si mimi, mtajua wenyewe."

Akafungasha, akaondoka. Orest alibeba masanduku mpaka kwenye gari kama mtumishi.

Kiangazi kile Tekla alipona. Habari zilikuja kwa simu, na katika nyumba ile ambayo kwa miaka mitatu choo kilikuwa mazungumzo ya mezani, hakuna aliyeona haya.

"Kimeshikana," Orest alisema siku moja, simu bado mkononi. "Amekwenda haja mara moja tu leo, na kimeshikana." Macho yalimlengalenga, mwanamume mzima, kwa habari ya kinyesi. "Na viatu vimembana. Miguu imekua."

Mwenye akili angenyamaza hapo, akamshukuru Mungu, akaanza kujiuliza maswali. Metro alimega kiazi.

"Si unaona?" alisema. "Amepata alichokitaka, sasa ameacha kumlisha."

Orest aliweka uma chini. "Baba, nyamaza," alisema, na tangu siku hiyo akawa anakula mapema, peke yake, amesimama kwenye sinki.

Wakafika mavuno namna hiyo, watu wawili ndani ya nyumba, hawaongei. Alasiri moja Metro alikwenda shamba la mashariki kutazama kama ngano imekauka vya kutosha kuingiza kombaini ya kuvunia. Alifanya kama alivyofanya maisha yake yote, kama alivyofanya baba yake. Akakata masuke, akayasugua kati ya viganja, akapuliza makapi, akazitupia punje kinywani. Zilivunjika vizuri chini ya jino. Zimekauka. Angeweza kuzitema, lakini nani hutema? Akaendelea kutafuna huku akitembea. Ukitafuna ngano mbichi ya kule, kwanza ni unga, kisha ni uji mtamu, unaumeza kidogo kidogo, kisha kinabaki kinywani kidonge laini kinachovutika. Chingamu. Watoto wote wa Zelena wamekua nayo. Wakati wa babu zao ya dukani haikuwapo.

Ilipokwisha kuwa nzuri aliitoa kinywani, akaikata vipande viwili kwa kidole gumba, kimoja akakirudisha mdomoni, na kingine akakishusha kwa mkono wa kushoto, chini, karibu na goti, bila kutazama.

Hakuna aliyekipokea.

Alisimama mkono ukiwa umening'inia hivyohivyo. Akatazama chini mahali ambapo Tekla husimama. Palikuwa na mabua tu. Kisha akatazama vidoleni mwake. Kile kitu kilikuwa cha rangi ya kijivu. Akakivuta, kikavutika. Alikuwa amekwisha kukivuta hivi mahali fulani, mbele ya bakuli la maji meupe, huku akijisifu.

Alikaa chini pale pale, katikati ya ngano yake.

Akakumbuka yote, na hakuna aliyemlazimisha. Mtoto akifuatana naye kila siku kwenye maghala, kamkono kamezama mfukoni mwake. Yeye akimtafunia, kwa kuwa meno ya mtoto ni madogo, akitoa maganda yote, akimeza wanga wote, akimpa Tekla ile iliyobaki, safi, ile yenyewe. "Chingamu ya Gido," mtoto alikuwa akiiita, kwa jina lile ambalo wajukuu wa kule huwaitia babu zao. Na akimwuliza baadaye, "Iko wapi?" Tekla akijibu, "Nimemeza," naye akicheka na kumtafunia nyingine. Daktari aliuliza anakula nini. Waliuliza wote, mara chungu nzima, anakula nini, na Metro alijibu kweli yake, kwa sababu kula ni mezani, ni sahani, ni mkate na maandazi. Kutafuna si kula. Hata chembe, alikuwa ameapa. Chembe! Wakati mfuko wake umejaa chembe tupu.

Orest aliona kofia ya baba yake katikati ya shamba, akadhani ni ugonjwa wa moyo. Alifika akikimbia.

"Umeanguka?"

Metro alimwinulia mkono, akamwonyesha kile kipande.

"Ni nini?"

"Chingamu."

Orest alikitazama. Haikumchukua muda, yeye naye alilelewa kwa hiyo hiyo, kutoka kiganja hicho hicho. Akavua kofia. Akachuchumaa.

"Nilikuwa nakuona," alisema mwishowe. "Nilikuwa nakuona ukimpa. Niko juu ya trekta, nawaona nyie wawili, nasema moyoni, ona wanavyopendana. Halafu narudi nyumbani nikapekue mkoba wa mke wangu."

"Nimemwua mjukuu wangu."

"Hajafa. Amepona. Amepona kwa sababu mama yake alimtoa hapa." Orest alisimama. Alikuwa na mengi ya kusema na alichagua moja. "Neno ulilisema wewe, Baba. Nenda wewe kwanza. Mimi nitakuja baada yako, kama nitakuwa na uso."

Kesho yake anga ilikuwa safi, ngano imekauka, kombaini za majirani zote zinanguruma, na Metro Pasichnyk aliwasha pikapu akaondoka shambani. Wazee wa mgahawani hawajapata kuona jambo kama hilo. Alikuwa ameoga mara mbili na kujisugua kucha kwa brashi. Alivaa suti ya misiba, ambayo haijawahi kuingia ghalani, na bado hakuiamini. Alikuwa amechukua sindano ya marehemu na uzi mweusi, akashona midomo ya mifuko yote, ya koti na ya suruali, mishono mikubwa ya mtu asiyejua kushona.

Colette alimfungulia mlango mwenyewe. Alikuwa amekonda. Yeye ndiye aliyekonda sasa.

"Orest ana nini?"

"Hana kitu. Mzima. Nimekuja mimi."

Hakumkaribisha ndani. Wakasimama barazani, naye Metro akasema yote, kwa mpangilio, bila kujitetea, jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani. Alisema jinsi inavyotafunwa. Alisema wanga unakwenda wapi na kinabaki nini. Colette alisikiliza mpaka mwisho.

"Chingamu," alisema. "Ile mnayotafuna huko shambani."

"Ndiyo."

"Nilidhani mnatema."

"Mkubwa hutema. Mtoto humeza."

Colette akakaa kwenye ngazi. Metro hakujua asimame au naye akae.

"Unajua nilikuwa nafanya nini kule kwenu?" alisema Colette. "Nilikuwa nanusa mikono yangu. Kabla ya kumvisha nguo, kabla ya kumshika, nanusa mikono. Nilifika mahali nikawa najiuliza labda naamka usingizini namlisha bila kujijua. Nilimpigia mama yangu simu nikamwuliza kama katika ukoo wetu kuna mwenye wazimu. Nilikuwa nimeanza kuwaamini, Baba. Mngenisukuma kidogo tu, ningekiri."

"Nisamehe, mwanangu."

"Ya ngano nimekusamehe." Alilisema haraka, bila shida. "Ulimpa kwa mapenzi. Nimekwisha kusamehe, wala usikose usingizi kwa hiyo. Lile neno ulilomwambia Orest, hilo hukulisema kwa mapenzi."

Metro aliitazama mikono yake.

"Na bado hatujamaliza," aliendelea Colette, sauti imeshuka. "Tumbo limepona, lakini hali chakula nikimpa mimi. Mama yangu akimpa, anakula. Mimi nikimpa, anakitazama kwanza, anakisukuma. Nimemwambia Daktari Sandhu. Anasema mtoto aliyeumwa na chakula miaka yote hiyo lazima akiogope, atazoea. Lakini mbona ananiogopa mimi peke yangu?"

Metro alitikisa kichwa. Kweli hakujua.

"Naweza kumwona?"

Colette alifikiri. "Hapa, ndiyo. Njoo umwone hapa ukitaka, kila Jumapili. Kule hapana, Baba. Si mwaka huu. Kule hata upepo una ngano."

Ilikuwa haki, na alikubali kwa kichwa. Colette akaita ndani.

Metro hakumtambua mara moja aliyetoka. Mashavu! Magoti yamejaa nyama, nywele zimekuwa nzito, tumbo limerudi mahali pake. Alikuja mbio, na mbio zenyewe zilikuwa ngeni kwake, kwani Tekla aliyemjua yeye alikuwa akitembea kwa kujishika. Akamkumbatia mguu. Kisha kamkono kakafanya kama kalivyozoea, kakapanda pembeni ya koti, kakatafuta mfuko.

Kakatafuta, kakakosa pa kuingilia.

"Gido, mfuko wako hauna mlango."

"Nimeushona."

"Kwa nini?"

Metro alimtazama Colette. Colette alitazama barabarani, akamwachia ajibu mwenyewe. Basi akapiga magoti, kwa shida, mkono mmoja kwenye ngazi.

"Kwa sababu kitu nilichokuwa nakupa humu ndicho kilichokuwa kinakuumiza tumbo, mama yangu. Ile chingamu. Sikujua. Nilikuwa nakuumiza mimi."

Tekla alimkunjia uso. Alikuwa na uso wa marehemu akifanya hivyo. Kidole kikapapasa mishono ya uzi mweusi.

"Kwa hiyo si Mama?"

Colette aligeuka.

"Nani alikwambia ni Mama?" aliuliza.

"Gido," alisema mtoto, bila kinyongo, kama anayejibu jina lake. "Alimwambia Baba kwenye trekta. Alisema Mama ndiye ananiumiza, na anajua."

Metro akaliona tena akilini lile jaketi nyuma ya kiti cha trekta, na mtoto amejikunja juu yake, macho yamefumbwa. Kiangazi kizima alikuwa amekaa na neno hilo, anasukuma sahani ya mama yake, na hakumwambia mtu, kwa sababu angemwambia nani?

Colette alikuwa ameziba mdomo kwa viganja vyote viwili.

"Si Mama," alisema Metro. "Haikuwa Mama hata siku moja. Gido alikosea. Gido alisema uongo." Akafungua kinywa aape, akakumbuka alivyokwisha kuapa, na kwa kaburi la nani, akakifunga.

Tekla alimtazama mama yake. Kisha akamtazama yeye. Ilionekana wazi kwamba hajui ashike lipi, lile la kwenye trekta au hili la sasa, maana yote mawili aliyasikia kwa mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa hajawahi kumdanganya.

"Mwambie tena," alisema Colette. Alikuwa analia sasa. "Mwambie tena, Baba. Mwambie mpaka aamini."

Akamwambia tena.